Ugenini Kanisa Hutafutwa kwa Masikio

Magara ni kijiji kilichopo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, nchini Burundi, katika barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Ukiufuata mwambao huo kuelekea kusini, utaipita Nyanza-Lac na hatimaye kuingia Tanzania. Ndiko walikokimbilia maelfu ya Warundi mwaka 1972, baada ya maasi yaliyozuka Rumonge na Nyanza-Lac tarehe 29 Aprili, na mauaji makubwa ya kulipiza kisasi yaliyofuata.

Mkimbizi hutafuta kwanza chakula, maji na mahali pa kulala. Lakini Jumapili haikawii kufika, na aliyezoea kusali pamoja na wenzake hujiuliza aende wapi. Familia ya askari aliyehamishiwa kituo cha mbali inalijua swali hilo, ijapokuwa askari huhama na mizigo yake na mshahara wake.

Waliobaki mkoani Kigoma walipata nafuu. Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana sana, hata Mrundi aliyeketi nyuma kabisa kanisani aliweza kuifuata sala ya Waha bila mkalimani. Mambo yalikuwa mengine kwa wale waliopelekwa bara, kwenye makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na baadaye Mishamo, iliyofunguliwa mwaka 1978. Mwanglikana aliyefika Unyamwezi alikuta kwamba kanisa la Kiprotestanti lenye mizizi mirefu huko ni la Moravian, ambalo lilipokea misheni ya Urambo mwaka 1898. Imani haikuwa ngeni kwake, ila utaratibu wa ibada na tenzi vilikuwa vingine, na Kiswahili chenyewe wengi walikuwa bado wanakijifunza.

Mkatoliki je? Zamani Misa ilisomwa kwa Kilatini kila mahali, hivyo mgeni hakuelewa zaidi wala pungufu ya mwenyeji. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika 1962 hadi 1965, kila taifa lilianza kusali kwa lugha yake. Jambo hilo liliwafaa sana wenyeji. Mkimbizi wa mwaka 1972 alibakiwa na mpangilio wa Misa tu: alijua wakati wa kusimama na wakati wa kupiga magoti, huku maneno yakimpita.

Kwa Waprotestanti wa uamsho, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Burundi, Uganda na Buha, ilikuwepo ishara ya kutambuana. Wimbo wa Kiganda uitwao Tukutendereza uliimbwa katika nchi zote hizo. Mgeni aliyeusikia ukiimbwa ndani ya nyumba alijua kwamba mlango huo anaweza kuubisha hodi.

Hatimaye wakimbizi walijijengea makanisa yao ndani ya makazi, ya udongo na nyasi kwanza. Hapo likazuka tatizo ambalo akina mama walilihisi zaidi: vyeti vya ubatizo viliachwa nyumbani au viliteketea. Bila cheti, padre atajuaje kwamba bwana harusi amebatizwa? Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inaruhusu ushuhuda wa mtu mmoja mwaminifu, au kiapo cha mhusika mwenyewe ikiwa alibatizwa akiwa mtu mzima. Kwa hiyo jirani wa zamani kutoka Rumonge, aliyesimama kanisani siku ile ya ubatizo, alikuwa na thamani kuliko karatasi. Hata hivyo, familia yoyote ihamayo kwa hiari yake ingefanya vema kuvitia vyeti hivyo katika mfuko mmoja na vya kuzaliwa.

Mwaka 2014 wakimbizi hao na watoto wao wapatao 162,000 walipewa uraia wa Tanzania. Wengine walikuwa wamekwisha rejea Burundi tangu mwaka 2008, na wengi walikuta mashamba yao yana watu. Vijana waliozaliwa Katumba na Mishamo walikuwa wamesoma shule kwa Kiswahili, hawakujua Kifaransa, na sasa wao ndio walioitwa wageni katika nchi ya baba zao. Waliokwenda milimani waliona taabu. Waliorudi mwambaoni walisikia Kiswahili sokoni na penye mitumbwi ya wavuvi, na Jumapili waliweza kumwuliza mpita njia, kwa lugha yao, kanisa liko upande gani.