Mtoto Anayeumwa Tumbo Kila Jumatatu: Tuzuie Uonevu Masomoni



Ukurasa huu umezoea kusema juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi, vumbi na kelele za mashini. Leo tutoke kidogo kazini, tufuate njia ambayo watoto wetu wanapita kila asubuhi kwenda masomoni. Huko pia kuna ajali. Ajali hiyo mara nyingi haitoi damu, wala haiandikwi katika kitabu cha dispensari, lakini inaweza kumharibu mtoto kwa miaka mingi. Jina lake ni uonevu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Dawa tatu bila ugonjwa

Siku moja ya Jumatatu mama mmoja wa kambi aliniletea mtoto wake mwanaume, mwenye miaka 10. Tumbo linamuuma. Nikaligusa: laini. Homa hakuna. Tukapima damu: malaria hakuna. Nikampa dawa ya minyoo, mama akashukuru, wakaenda. Baada ya majuma mawili wakarudi, tena Jumatatu. Tukapima choo, hatukuona kitu. Nikampa dawa nyingine. Mara ya tatu vilevile.

Mara ya nne nikaweka kalamu chini, nikauliza: «Mama, Jumamosi na Jumapili tumbo lilimuuma?»

«Hapana, muganga. Jana alicheza mpira mpaka jua likashuka.»

«Na wakati wa likizo?»

Mama akafikiri. «Likizo yote hakulia tumbo hata siku moja.»

Hapo nikajua kwamba mara tatu nilimtibu mtoto huyu ugonjwa ambao hakuwa nao. Nikamwomba mama aketi nje kidogo. Sikumwuliza mtoto: «Nani anakupiga?» Nilimwuliza tu: «Ukitoka nyumbani kwenda masomoni, unapita njia gani?» Akasema anazunguka nyuma ya mashamba ya mahindi, njia mara mbili ya ile ya kawaida. Kwa nini? «Kwenye robine kuna wakubwa.»

Basi maneno yakatoka. Tangu mwanzo wa muhula vijana watatu wa kalasi ya juu walikuwa wanamngoja pale na kumnyang'anya franga za mkate. Siku asipokuwa na franga, walimwaga maji juu ya kaye zake. Tena walimpa jina la aibu, ambalo sitaliandika hapa, na kalasi nzima ikalishika.

Jambo lililoniumiza zaidi nililisikia jioni kwa baba yake. Yeye alijua. Lakini kiongozi wa vijana wale alikuwa mtoto wa kapita wake. «Muganga,» akasema, «nikimshitaki mtoto wake leo, kesho nitapangwa kazi gani? Bukari ya nyumba hii inapita mikononi mwake.» Kwa hiyo alikuwa amemwambia mtoto wake: «Wewe ni mwanaume, vumilia.»

Uonevu ni nini?

Watoto wanagombana, wanapigana, na baada ya dakika chache wanacheza pamoja. Huo si uonevu. Uonevu una alama tatu:

1. Unafanywa kwa kusudi la kuumiza au kutia haya.
2. Unarudiwa siku kwa siku.
3. Nguvu hazilingani: mmoja ni mkubwa, au wako wengi, au baba yake ana cheo, na mwingine hawezi kujitetea.

Alama hizi zilielezwa na mwalimu mmoja wa elimu ya nafsi, Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza jambo hili katika masomo ya Sweden katika miaka ya 1970. Mwisho wa mwaka 1982, huko Norway, vijana watatu walijiua, na ilionekana kwamba mateso ya wenzao yalikuwa sababu kubwa. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha kampeni katika masomo ya nchi nzima. Katika masomo ya mji wa Bergen, ambayo Olweus aliyafuata kwa karibu, uonevu ulipungua sana. Kwa hiyo tusiseme: «Ni mambo ya watoto, hayana dawa.» Dawa iko.

Wala tusifikiri ni jambo la kambi yetu peke yake. Mwaka 2019 UNESCO ilitangaza kwamba duniani karibu mwanafunzi 1 katika 3 alikuwa ameonewa na wenzake katika muda wa mwezi mmoja. Hesabu katika kalasi ya mtoto wako.

Nani anaonewa?

Mara nyingi ni yule mwenye tofauti: mgeni aliyetoka kambi nyingine, mwenye kigugumizi, mwenye mguu mbaya, yatima, maskini asiye na viatu.

Nitaje watatu ambao sisi watu wa dispensari tunawajua vizuri. Wa kwanza ni mtoto mwenye kifafa. Wenzake wanamkimbia wakisema mate yake yanaambukiza. Si kweli: kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa kumshika. Wa pili ni msichana aliyepata damu ya mwezi kwa mara ya kwanza akiwa kalasini. Doa likaonekana kwenye nguo, wote wakacheka, na yeye akaacha masomo kwa sababu ya kicheko hicho. Wa tatu ni mtoto anayeitwa mulozi. Hapa wakubwa wajue: sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu mtu anayemsingizia mtoto ulozi. Watoto hawalivumbui neno hilo. Wamelisikia nyumbani kwetu.

Vijana wenye telefone wanaonea hata usiku: picha ya kumcheka mwenzao inapita kutoka mkono hadi mkono, na asubuhi kalasi nzima imekwisha kuiona.

Tugonge dari

Wafanya kazi wa chini ya udongo wanajua: kabla ya kuanza kazi tunagonga dari kwa chuma na kusikiliza. Jiwe zima linalia sawasawa. Jiwe lililolegea linatoa sauti ya ngoma. Hatungoji lianguke. Na kwa mtoto ni vivyo hivyo. Sikilizeni sauti hizi:

- Tumbo au kichwa kinamuuma asubuhi za masomo, na kinapona Jumamosi, Jumapili na likizo.
- Anarudi na kaye zilizochanika, shati bila vifungo, au alama za kupigwa ambazo hawezi kueleza.
- Anarudi na njaa kali ingawa ulimpa franga za mkate, au anaiba franga nyumbani.
- Amebadili njia ya kwenda masomoni.
- Amerudia kukojoa kitandani, halali vizuri, au analia usingizini.
- Points zake zimeshuka, na rafiki hawaji tena nyumbani.
- Ameanza kuwapiga wadogo zake.

Lakini angalisho: msiseme kila tumbo ni uonevu. Mtoto mwenye homa, anayetapika au anayeharisha aletwe dispensari siku ileile. Kwanza tutafute malaria, minyoo na magonjwa mengine. Tusipoona kitu, na tumbo likirudi kila Jumatatu, hapo tuulize njia anayopita.

Tufanye nini?

Baba na mama wa mtoto anayeonewa. Msikilizeni mpaka mwisho bila kumkatiza. Mwambieni: «Si kosa lako, umefanya vizuri kusema.» Msimwambie avumilie tu. Wala msimwambie arudishe ngumi, maana wale ni watatu na yeye ni mmoja. Andikeni siku, mahali na jambo lililotokea, kisha mwende kwa mwalimu. Msiende kupiga kelele mlangoni kwa jirani: ugomvi wa watoto utakuwa ugomvi wa nyumba mbili, na mtoto ataogopa kusema tena. Kama mtoto anasema hataki kuishi, au anajitenga na watu kabisa, msimwache peke yake. Mleteni kwetu mara moja, hata usiku.

Baba na mama wa mtoto anayeonea. Habari hii ni chungu, lakini msikatae kabla ya kuuliza. Jiulizeni pia yeye amejifunza wapi. Mtoto anayechapwa mshipi kila jioni, au anayeona mama yake akipigwa, anajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Kumpiga zaidi ni kurudia somo lilelile. Afadhali arudishe alichochukua, aombe msamaha, na anyimwe mpira au telefone kwa muda. Tena muwe macho juu yake kila siku, kwa sababu yeye pia yuko hatarini: asipozuiliwa, anaweza kukua hivyo hivyo mpaka afike mbele ya polisi.

Walimu. Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi ya serikali yalipofanywa bila malipo, watoto wengi wameingia na kalasi zimejaa. Mwalimu mmoja hawezi kuona yote. Lakini uonevu una mahali pake, kama ajali za kazi: vyoo, robine, nyuma ya kalasi, na njiani saa ile wa asubuhi wanapotoka na wa mchana wanapoingia. Mtu mzima mmoja akisimama pale kwa dakika 15, mengi yatapungua. Na mwalimu asimwite mtoto kwa jina la kicheko, maana kalasi itamfuata.

Watoto wanaotazama. Hao ndio wengi, na nguvu iko kwao. Watafiti wa Canada waliweka kamera katika viwanja vya masomo ya Toronto. Katika habari waliyoitoa mwaka 2001 walisema kwamba karibu kila mara watoto wengine walikuwapo wakitazama. Mmoja wao alipoingia kati, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikwisha ndani ya sekunde 10. Mfundishe mtoto wako maneno mafupi: «Mwache, twende.» Akiogopa, basi asicheke, amfuate mwenzake baadaye na kutembea naye, na amwambie mwalimu. Kusema juu ya hatari si uchongezi. Kazini, anayeona jiwe limelegea na kunyamaza ana kosa.

Makapita na mashefu. Cheo chako kinaishia kazini. Waambie watoto wako waziwazi: «Baba wa mwenzako ananitii katika posti. Wewe, mwenzako hakutii kitu.» Na mfanya kazi aliye chini yako ajue kwamba anaweza kuja kwako kama mzazi kwa mzazi, bila kuogopa kazi yake.

Mwisho wa habari ile

Baba wa mtoto yule alikaa siku tatu akifikiri, ndipo aliponiruhusu kusema na mwalimu. Direkta wa masomo akawaita baba wote wawili kwake, mchana, si kazini wala mbele ya watu. Kapita alikasirika kwanza. Kisha akamwita mtoto wake na kumwuliza. Mtoto akatazama chini. Kapita naye akanyamaza muda mrefu. Alitaka kwenda kumchapa. Tukamwomba asifanye hivyo. Franga zilirudishwa kidogo kidogo. Wavulana wawili wa kalasi wakapewa kazi ya kutembea na mtoto yule asubuhi, na mwalimu akasimama kwenye robine.

Juma lile, katika posti, kapita alimwambia baba yule maneno machache tu: «Mambo ya masomo yamebaki masomoni.» Na kazi haikubadilika.

Sitasema kwamba yote yalipona siku moja. Jina lile la aibu liliendelea kusikika mpaka mwisho wa mwaka. Lakini mtoto alirudi kupita njia fupi, na tumbo likapona bila dawa yangu.

Ndugu zangu, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Leo jioni, ukitoka posti, oga, kula, kisha mwite mtoto wako uketi naye. Usimwulize points peke yake. Mwulize: «Leo ulitembea na nani? Mlipita wapi?» Halafu nyamaza, usikilize sauti ya jiwe.