Je, Wajua LHCb? Mtambo Unaowinda Chembe Zisizoonekana

Karibu na uwanja wa ndege wa Geneva, ukishavuka mpaka na kuingia mji wa Ferney-Voltaire nchini Ufaransa, kuna lifti inayoshuka takriban meta 100 chini ya ardhi. Huko chini limechimbwa pango kubwa, na ndani yake umekaa mtambo wenye uzito wa tani 5,600, urefu wa meta 21 na kimo cha meta 10. Unaitwa LHCb. Ni mmoja wa mitambo minne mikubwa iliyopangwa kuizunguka LHC, pete ya maabara ya CERN yenye mzunguko wa kilometa 27 ambamo protoni hukimbizwa karibu na kasi ya mwanga kisha zikagonganishwa. Miwili kati ya hiyo, ATLAS na CMS, ndiyo iliyopata sifa dunia nzima mwaka 2012 kwa kuigundua chembe ya Higgs. LHCb haikuwamo katika shangwe ile. Hata hivyo, mtu akiniuliza wapi pa kutazama kama kweli ipo fizikia nyingine nyuma ya hii tunayoijua, nitamwelekeza hapa kwanza.

Fizikia tunayoijua imefungwa katika nadharia iitwayo Modeli Sanifu, iliyokamilika kimaandishi miaka ya 1970 na kushinda karibu kila mtihani tangu hapo. Lakini haisemi neno juu ya graviti. Haituambii maada ya giza inayozishikilia galaksi ni kitu gani. Wala haielezi vya kutosha kwa nini ulimwengu umebaki na maada, ilhali antimaada iliyozaliwa nayo sawa kwa sawa imetoweka. Pengo lipo, na wanafizikia wote wanalikubali. Wanachobishana ni pa kuchimba.

LHCb inachimba kwenye kwaki. Ziko kwaki za aina sita, na wanafizikia huziita aina hizo ladha, jina walilolitoa Murray Gell-Mann na Harald Fritzsch mwaka 1971 wakiwa kwenye duka la aiskrimu huko Pasadena, California. Mbili nyepesi, u na d, ndizo zinazojenga protoni na nyutroni, yaani vitu vyote tunavyovishika. Nne zilizobaki huzaliwa kwenye migongano mikali na kufa mara moja. Iliyoupa mtambo huu jina ni b, iliyogunduliwa mwaka 1977 na timu ya Leon Lederman katika maabara ya Fermilab, Marekani. Ni nzito zaidi ya mara nne kuliko protoni nzima. Kwaki hupangwa mbilimbili katika makundi yaitwayo vizazi, na mwenzake wa kizazi kimoja, t, ni mzito zaidi, hivyo b haiwezi kuvunjika na kuwa t. Inalazimika kuvuka kwenda kizazi kingine, na njia hiyo ni finyu. Kwa sababu hiyo b hukawia kufa. Ukiigawa sekunde moja katika vipande trilioni, yenyewe hupata kama kimoja na nusu, na kwa chembe za uzito wake huo ni umri mrefu.

Huko kukawia kufa ndiko kunakowafaa watafiti. Kanuni za kwanta zinairuhusu chembe nzito, hata ile ambayo hakuna mtambo duniani wenye nguvu ya kuizalisha, ijitokeze kwa kitambo kidogo mno katikati ya kuvunjika kwa chembe nyepesi, kisha ipotee. Haionekani, ila inaharibu hesabu: uvunjikaji fulani unatokea mara nyingi zaidi, au mara chache zaidi, kuliko ulivyotabiriwa. Kadiri uvunjikaji wenyewe ulivyo adimu, ndivyo mgeni anavyoshindwa kujificha.

Mbinu hii imekwisha kuzaa matunda. Mwaka 1970 Sheldon Glashow, John Iliopoulos na Luciano Maiani walitazama chembe iitwayo kaoni, ambayo ilipaswa kuvunjika kuwa muoni mbili (muoni ni ndugu mzito wa elektroni) mara nyingi kuliko ilivyoonekana. Wakasema lazima ipo kwaki ya nne inayoufuta uvunjikaji huo. Novemba 1974 ikapatikana. Mwaka 1973, kwaki zikiwa bado zinajulikana tatu tu, Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa walianza na tofauti ndogo kati ya maada na antimaada iliyoonekana kwenye kaoni mwaka 1964, wakahitimisha kwamba kwaki haziwezi kupungua sita. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Na mwaka 1987 jaribio la ARGUS mjini Hamburg liligundua kwamba mesoni za B, chembe zilizobeba kwaki b, hugeuka kuwa antimaada yao kwa wepesi usiotarajiwa, ishara kwamba kwaki t ni nzito mno. Ilipokamatwa mwaka 1995, uzito wake ulikaribia ule wa atomu nzima ya dhahabu. Mara zote tatu, nyayo zilitangulia kuonekana kabla ya mnyama.

Kiungo cha LHCb ninachokistahi kuliko vyote kinaitwa VELO. Ni vipande 52 vya silikoni vilivyopangwa kwa mfuatano kandokando ya mkondo wa protoni, vyenye jumla ya pikseli zipatazo milioni 41. Mesoni ya B husafiri kama sentimita moja tu kabla ya kuvunjika, na ili kuitambua lazima uone mahali protoni zilipogongana na mahali mesoni ilipofia, uzitenganishe sehemu hizo mbili bila kubahatisha. Kwa hiyo vipande hivi husogea hadi milimita 5.1 kutoka kwenye mkondo wenyewe. Mkondo unapoanza kuingizwa bado haujatulia, na ungeviunguza. Basi VELO imegawanywa nusu mbili zinazorudi nyuma karibu sentimita 3, zikasubiri, kisha mkondo ukitulia zikajongea tena na kufumbana. Hufanya hivyo kila protoni mpya zinapotiwa. Kati ya silikoni na ombwe la LHC kuna utando mwembamba wa aluminiamu. Januari 2023 hitilafu ya mfumo wa ombwe iliukunja utando huo, VELO ikashindwa kujifunga kikamilifu mwaka mzima, hadi ulipobadilishwa kabla ya kazi ya 2024.

Nyuma ya VELO vigunduzi vingine vimejipanga foleni upande mmoja, kwa sababu kwaki b na antimaada yake hurushwa pamoja kuelekea mbele, karibu sana na mkondo. Katikati ya foleni kuna sumaku ya zaidi ya tani 1,500 yenye koili za aluminiamu, inayozipinda njia za chembe zenye chaji: hasi huku, chanya kule. Hapa pana hatari. Kama vigunduzi vya kushoto ni vikali kidogo kuliko vya kulia, unaweza kudhani maada na antimaada zinatofautiana kumbe kasoro ni ya mtambo. Mwenye duka akiishuku mizani yake ya sahani mbili hubadilisha, mzigo ukahamia kulikokuwa jiwe na jiwe kulikokuwa mzigo. LHCb nayo huigeuza sumaku yake mara kwa mara, ili zilizokuwa zikienda kushoto ziende kulia.

Kati ya mawindo yake, moja lilitafutwa na majaribio mbalimbali kwa takriban miaka 30: mesoni ya Bs kuvunjika ikawa muoni mbili peke yake. Modeli Sanifu inasema hutokea kama mara 4 tu katika mesoni bilioni moja. Nadharia kadhaa za fizikia mpya zilidai itatokea mara nyingi zaidi. Mwaka 2015 LHCb na CMS walichapisha kwa pamoja katika jarida la Nature kwamba wameuona uvunjikaji huo, na kiwango chake kinapatana na utabiri wa Modeli Sanifu. Nadharia nyingi zilibanwa siku hiyo.

Halafu kuna habari ya R_K. Elektroni na muoni zinatofautiana kwa uzito, ila nguvu za asili zinapaswa kuzitendea sawa. Basi mesoni ya B inapovunjika kuwa kaoni pamoja na muoni mbili, au kaoni pamoja na elektroni mbili, uwiano wa njia hizo mbili unatakiwa uwe karibu sana na 1. Mwaka 2014 LHCb ilipata pungufu. Machi 2021, kwa data nyingi zaidi, ikapata 0.846, na uwezekano wa kuwa ni bahati tu ulikuwa kama mmoja kwa elfu. Magazeti yakaandika, wananadharia wakaja na chembe mpya za kila namna. Fizikia hii hudai uhakika mkubwa zaidi, kama nafasi moja katika milioni 3.5, ndipo neno ugunduzi litamkwe. Timu ikarudi kazini. Elektroni ni ngumu kupima, kwa kuwa humwaga nishati njiani katika mfumo wa mwanga, na chembe nyingine huweza kudhaniwa elektroni. Walipozichuja upya wakakuta pioni na kaoni zilizojipenyeza zilikuwa nyingi kuliko walivyokadiria. Desemba 2022 wakatangaza wenyewe: uwiano ni 1, kwa kadiri wanavyoweza kupima. Watu zaidi ya elfu moja waliitoa mezani habari iliyokuwa imewapa umaarufu, wakaeleza hatua kwa hatua ilikotoka. Kwangu mimi hakuna matokeo ya LHCb yenye heshima kuliko hayo.

Mengine hayajafutika. Tangu 2013 pembe ambazo kwazo chembe hutawanyika wakati B inapovunjika kuwa K* (aina ya kaoni) na muoni mbili hazipatani na utabiri, ingawa wapo wanaosema hesabu ya mchango wa kwaki ya nne ndiyo iliyokosewa. Na katika uvunjikaji mwingine wa B, tau, ndugu mzito zaidi wa elektroni, anajitokeza mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Walioliona jambo hilo ni BaBar wa Marekani mwaka 2012, kisha Belle wa Japani na LHCb, na wastani wao bado umeegemea upande uleule. Machi 2025 LHCb ilitangaza kwa mara ya kwanza tofauti kati ya maada na antimaada katika barioni, jamii ya protoni na nyutroni: chembe ya Lambda-b na antimaada yake hupishana kwa takriban asilimia 2.45 katika uvunjikaji mmoja. Tofauti ya aina hiyo Modeli Sanifu inairuhusu, lakini kiasi kinachotoka katika nadharia hiyo ni kidogo mno kueleza kwa nini galaksi zipo.

Mwaka 2024 pekee, VELO ikiwa na utando mpya, mtambo ulikusanya data nyingi kuliko zote za 2010 hadi 2018 zikijumlishwa. Pembe za K* na hesabu ya tau zinapimwa upya humo.