Somo Zito kwa Kijana wa Miaka 19

Ukiingia nyumbani kwa mtu Nyakabanda, chai ya maziwa huletwa kabla hujasema kilichokuleta. Sekta hii ya wilaya ya Nyarugenge, iliyo kwenye miteremko ya mlima Kigali, jirani kabisa na Nyamirambo, haimwachi mgeni akae na mikono mitupu. Sasa mgeni huyo awe kijana wa shati jeupe na tai, mwenye beji nyeusi kifuani iliyoandikwa jina lake na jina la Yesu Kristo. Atashukuru kwa heshima zote, kisha ataomba maji.

Mwenye nyumba ana haki ya kushangaa. Chai na kahawa ni miongoni mwa mazao makuu ambayo Rwanda inauza nje, na kijana huyu hanywi hata kimoja. Tumbaku na pombe pia hatumii, kwa hiyo urwagwa wa ndizi humpita. Makatazo hayo yanatoka katika mafundisho yaitwayo Neno la Hekima, ambayo Joseph Smith aliyatoa mwaka 1833 huko Kirtland, Ohio. Jirani Mwislamu kutoka Biryogo atamwelewa mara moja kuhusu pombe. Kuhusu chai, itabidi aelezwe.

Kijana huyu ni mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoanzishwa mwaka 1830 katika jimbo la New York, na ambalo wengi wanalijua kama kanisa la Wamormoni kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni. Mwishoni mwa 2024 kanisa hilo lilikuwa na wamisionari zaidi ya 70,000 duniani. Wengi wao ni vijana waliotoka shule juzi: mwaka 2012 umri wa kuanza ulishushwa hadi miaka 18 kwa wavulana na, wakati huo, 19 kwa wasichana. Mvulana hutumikia miezi 24, msichana miezi 18. Hakuna mshahara. Gharama hubebwa na kijana mwenyewe, wazazi wake na waumini wenzake. Tangu 2020 familia ya Marekani huchangia dola 500 kwa mwezi, na kwingineko kiasi hupangwa kulingana na hali ya nchi. Nchi ya kutumikia hachagui yeye. Hupokea wito kutoka kwa rais wa kanisa, akausoma mbele ya ndugu zake, na hapo ndipo hujua kama anakwenda Brazil au Rwanda. Na si lazima awe Mzungu kutoka Utah: Waafrika nao wanaitwa, na kituo kimojawapo cha kuwafunza kiko Accra, Ghana.

Siku yake imepangwa kwa ukali. Kwa kawaida huamka saa 12:30 asubuhi, hufanya mazoezi ya viungo, husali, husoma maandiko peke yake na kisha pamoja na mwenza wake, hujifunza lugha, halafu hutoka. Usiku saa 4:30 taa huzimwa. Mwenza ndiye nguzo ya maisha haya. Wamisionari hutembea wawili wawili, hulala chumba kimoja na hawaachani, na hawakuchaguana. Rais wa misheni ndiye aliyewapanga, na baada ya wiki kadhaa anaweza kuwapangua. Mvulana huitwa Mzee, kwa ngazi yake ya ukuhani, na msichana huitwa Dada. Siku moja ya juma ni ya kufua, kwenda sokoni na kupiga simu nyumbani. Simu hiyo ya kila juma iliruhusiwa Februari 2019 tu. Kabla ya hapo kijana aliandika barua pepe, na sauti ya mama yake aliisikia mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Naamini badiliko hilo lilikuwa la haki, na lilichelewa. Mtoto wa miaka 18 aliye ugenini, mgonjwa wa malaria au mpweke tu, anahitaji kuongea na kwao.

Kigali nayo ina taratibu zake. Si mji wa kuhubiri kwa kipaza sauti kando ya barabara. Mwaka 2018 makanisa zaidi ya 700 yalifungwa hapa kwa kukosa viwango vya majengo, usafi na utulivu, na sheria ya mwaka huohuo ikawataka wahubiri wawe na elimu rasmi ya dini. Kwa kanisa lisilo na wachungaji wa kulipwa, ambalo kiongozi wa tawi anaweza kuwa mwalimu au fundi katikati ya wiki, hilo ni jambo la kutafakari. Katika mji wa namna hii mmisionari huingia nyumbani kwa mwaliko: muumini anamwita rafiki, rafiki anaita shangazi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na kijana mwenye jembe mkononi hujulikana mtaani upesi kuliko mwenye kitabu. Kinyarwanda hana budi kujifunza. Kiswahili, lugha rasmi nchini tangu 2017, humsaidia sana maeneo haya ya Nyamirambo.

Yapo maswali ambayo ratiba haimwandai kuyajibu. Moja ni la rangi. Tangu 1852, wakati wa Brigham Young, wanaume weusi walinyimwa ukuhani katika kanisa hili, na zuio hilo halikuondolewa hadi Juni 1978, chini ya Spencer W. Kimball. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo ya kuzikana nadharia zilizotumika kulitetea. Mnyarwanda akiuliza, anastahili kupewa miaka hiyo bila kuzungushwa.

Lakini somo zito kuliko yote ni la wafu. Wamormoni wanaamini kwamba mume, mke na watoto wanaweza kuunganishwa hekaluni hata baada ya kifo, na kwamba aliyekufa bila kubatizwa anaweza kubatizwa kupitia mtu aliye hai, ndugu akisimama mahali pake majini. Joseph Smith alilihubiri hilo mwaka 1840, na waumini hutaja Wakorintho wa Kwanza, sura ya 15. Mafundisho yanasema roho ya marehemu ina hiari ya kukubali au kukataa. Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025, kwa hiyo ibada hiyo, ambayo zamani ilimpeleka muumini wa Afrika Mashariki hadi Johannesburg, sasa imesogea jirani.

Mweke kijana huyo sebuleni kwa mjane wa Nyakabanda. Kijana alizaliwa zaidi ya miaka 10 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Mama aliyeketi mbele yake huenda ana watu waliozikwa Gisozi, kwenye makaburi ya pamoja yenye miili zaidi ya 250,000, au watu ambao hadi leo hajui walikoangukia. Huenda waliuawa ndani ya kanisa, kama ilivyotokea Nyamata, Ntarama na Nyange. Kumwambia mama huyo kwamba familia ni ya milele ni kugusa kidonda kinachouma kila siku. Wapo wanaolipokea neno hilo kwa machozi ya furaha. Wapo wanaouliza swali ambalo mwongozo wa wamisionari haukuandikiwa: katika ukoo wangu yumo aliyeuawa na yumo aliyeua, je, nao tutaunganishwa?

Kanisa hili lilikwisha kukutana na uchungu wa aina hii. Wamormoni walikuwa wamewabatiza Wayahudi wengi waliouawa na Wanazi, bila idhini ya familia zao. Manusura walilalamika, na mwaka 1995 kanisa likakubali kuyaondoa majina hayo na kuacha zoezi hilo, isipokuwa kwa mababu wa waumini walio hai. Kanuni ya leo ni kwamba muumini apeleke majina ya ndugu zake mwenyewe. Hapa Rwanda kanuni hiyo ni ya lazima, ila haitoshi, maana marehemu mmoja ana ndugu wengi na si wote wa kanisa moja. Mpwa aliyebatizwa mwaka jana hana haki ya kumpeleka mjomba wake hekaluni kabla ya kuwauliza watoto wa mjomba.

Ningependa viongozi wa misheni wawafundishe vijana wao kunyamaza kwanza. Mama amalize kuwataja watu wake wote, hata kama saa ya kurudi nyumbani imefika na ratiba imevurugika. Somo la wafu lisitolewe na wageni wawili peke yao. Awepo muumini mtu mzima wa hapahapa, anayejua nani aliishi nyumba ya pili. Na kuanzia tarehe 7 Aprili, wiki ya maombolezo ya Kwibuka, somo hilo lisifundishwe kabisa. Wiki hiyo kijana aende kwenye kumbukumbu ya mtaa, akae nyuma na majirani, asikilize.