Virusi vinavyoilaza kinga ya mwili usingizi

Ukidungwa na mwiba, mahali hapo huvimba na kuuma. Hiyo ni dalili kwamba askari wa mwili wamefika kupambana na adui. Lakini wako maadui wanaoingia bila kubisha hodi. Miongoni mwao ni virusi vya papiloma, vinavyojulikana kwa kifupi kama HPV, ambavyo husababisha karibu visa vyote vya saratani ya mlango wa kizazi.

Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana na hupenya kupitia michubuko midogo isiyoonekana. Haviingii katika damu wala haviui chembechembe vinamoishi. Kwa hivyo hakuna uvimbe, hakuna uchungu, na kinga haipati habari mapema.

Isitoshe, vina hila. Protini zake mbili, E6 na E7, huzima king'ora ambacho chembe iliyovamiwa hupiga kuomba msaada. Nyingine, E5, huficha alama ambayo askari huitumia kumtambua adui. Ni sawa na mwizi anayemrushia mbwa wa boma kipande cha nyama.

Bahati nzuri, maambukizi mengi humalizwa na mwili wenyewe katika muda wa miaka miwili hivi. Yanayosalia ndiyo hatari. E6 na E7 huharibu breki za chembe, nazo huanza kuzaana ovyo. Saratani huweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza. Kwa mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi, ambaye kinga yake imedhoofika, hatari ni mara sita zaidi.

Je, ufanyeje? Usingoje uchungu. Shirika la Afya Duniani lashauri mwanamke apimwe kuanzia umri wa miaka 30, na mwenye virusi vya Ukimwi kuanzia 25. Dosari ikionekana mapema, hutibiwa kabla haijawa saratani.

Ikiwa una binti wa miaka 10, mpeleke akachanjwe. Kenya ilianza kutoa chanjo hii mwaka wa 2019. Chanjo haitibu aliyekwisha kuambukizwa. Kazi yake ni kuwafunza askari sura ya adui kabla hajafika.

Nawe bwana, usidhani hayakuhusu. Mwanamume huweza kubeba virusi hivi bila dalili yoyote. Basi usimuulize mkeo ameugua nini hata aende kupimwa. Mpe nauli, ubaki na watoto.