Paka wa Kisukari: Wiki za Kwanza Nyumbani

Daktari akishatamka kwamba paka ana kisukari, mwenye paka hutaka kujua jambo moja: sukari itashuka lini? Ushauri wangu ni kutoharakisha. Sukari iliyopanda humdhoofisha paka kwa wiki na miezi. Sukari iliyoshushwa kupita kiasi kwa insulini inaweza kumuua kabla ya jua kuzama. Kila ninachoeleza hapa kinatokana na tofauti hiyo.

Kisukari cha paka hufanana na kile kinachowapata watu wazima: kongosho bado linatoa insulini kidogo, lakini mwili hauitikii, na mwishowe kongosho lenyewe huchoka. Wanaopata zaidi ni madume waliohasiwa, wenye umri mkubwa, wanene, wanaoshinda ndani. Paka anayelinda ghala la mahindi huku Kipalapala, nje ya mji wa Tabora, akikimbiza panya usiku kucha, ugonjwa huu humpata kwa nadra. Anayepatwa mara nyingi ni yule aliyehamia kwenye kochi na kumalizia sahani za watoto. Dawa nazo huchangia, hasa sindano za steroidi za kutuliza muwasho na sindano za homoni za kuzuia jike asipate mimba. Kama paka wako amewahi kuchomwa mojawapo, mweleze daktari, maana kuiacha kunaweza kuwa sehemu ya tiba.

Dalili hujitokeza nyumbani kabla ya kliniki. Bakuli la maji linakauka upesi, mchanga wa choo unalowa kuliko kawaida, paka anakula sana na bado anakonda. Wengine huanza kutembea wakilaza visigino vya miguu ya nyuma chini, kwa sababu sukari imeathiri mishipa ya fahamu. Sisimizi wakijaa pale alipokojoa, hiyo nayo ni ishara, ingawa haitoshi kuthibitisha ugonjwa.

Uthibitisho una mtego wake. Paka aliyefungiwa kwenye kikapu na kupakiwa bodaboda hadi Tabora mjini hufika akiwa na hofu, na hofu peke yake hupandisha sukari ya damu. Kwa hiyo kipimo kimoja cha kliniki hakitoshi. Lazima pia sukari ionekane kwenye mkojo, na ikiwezekana kipimo kirudiwe paka akiwa ametulia. Mkojo unaweza kuukinga nyumbani: toa mchanga kwenye choo chake, weka punje kavu za mahindi zilizooshwa. Punje hazinyonyi mkojo, hivyo unabaki chini na unaweza kuuvuta kwa bomba safi lisilo na sindano. Vijiti vya kupimia mkojo wa binadamu vinafaa kwa kazi hii.

Sasa insulini. Paka wengi huanzishiwa kiasi kidogo, mara nyingi yuniti 1 kila baada ya saa 12. Kiasi hukipanga daktari, naye hukibadilisha baada ya siku kadhaa, kwa kawaida si chini ya 5 hadi 7, kwa kuwa mwili huchukua muda kuizoea dawa. Nyumba yenye sala ya asubuhi na ya jioni tayari ina ratiba: saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, chakula kwanza, sindano baadaye.

Hatari kubwa iko kwenye chupa na bomba. Insulini za binadamu huwa na yuniti 100 katika kila mililita, na bomba lake huwa na kifuniko cha rangi ya machungwa. Baadhi ya insulini za wanyama zina yuniti 40, na bomba lake lina kifuniko chekundu. Ukivuta dawa ya yuniti 100 kwa bomba la yuniti 40, paka anapata mara mbili na nusu ya alichoandikiwa. Kwa hiyo soma namba kwenye chupa, soma namba kwenye bomba, hakikisha zinalingana. Usichote pia kwenye chupa ya bibi iliyopo nyumbani: insulini ya mchanganyiko aliyoandikiwa yeye hufanya kazi kwa kasi na muda tofauti na ile ya paka wako. Vivyo hivyo vidonge vya kisukari vya watu. Marekani iliidhinisha kidonge cha paka, bexagliflozin, mwishoni mwa 2022, lakini nacho kina masharti: hakipewi paka aliyewahi kutumia insulini, na anayekitumia lazima afuatiliwe na daktari kwa karibu.

Kuchoma ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Paka akiwa na kichwa bakulini, inua ngozi ya ubavu kwa vidole viwili hadi itengeneze kihema, ingiza sindano kwenye uwazi wa chini yake, sukuma, chomoa. Shika manyoya: yakiwa yamelowa na yananuka dawa, imemwagika nje. Hapo ndipo watu hukosea. Usichome tena. Huna njia ya kujua kiasi gani kilikwishaingia, na kukosa dozi moja hakumdhuru paka kama kuipata mara mbili. Subiri zamu ijayo. Na paka akikataa kula, usimpe dozi kamili. Mpigie daktari kwanza.

Chakula ndicho kinachoweza kubadilisha mkondo wa ugonjwa. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na ini lake halijaumbwa kushughulikia wanga mwingi kwa mara moja. Ugali, wali, viazi na mkate viondoke. Badala yake apewe nyama, moyo wa ng'ombe au kuku, na samaki waliopikwa. Dagaa na migebuka wanaoletwa na treni kutoka Kigoma wanafaa, mradi dagaa waoshwe chumvi na mchanga na wasiwe mlo wa pekee. Chakula cha kopo chenye nyama nyingi kinafaa kuliko cha punje kavu, ambacho huhitaji wanga ili kishikamane. Tahadhari: chakula kikibadilika, mahitaji ya insulini hushuka. Mwenye kuondoa ugali Jumatatu huku akiendelea na dozi ileile anaweza kumkuta paka ameanguka Jumatano. Mweleze daktari kabla ya kubadilisha. Paka mnene apunguzwe polepole, maana asipokula kwa siku mbili au tatu ini lake hujaa mafuta na kuharibika.

Sukari ikishuka mno, paka huyumba, hutetemeka, hutazama bila kuona, hulia kwa sauti ya ajabu, na mwisho hupata degedege. Hapa Tabora tuna bahati: mkoa wenye Chuo cha Ufugaji Nyuki haukosi asali. Paka asiyeweza kula apakwe asali kwenye ufizi, kidogo kidogo; usimmwagie mdomoni asije akapaliwa. Akizinduka mpe chakula, kisha mpeleke kliniki hata kama anaonekana mzima, kwa sababu insulini iliyomo mwilini bado inafanya kazi. Chupa ndogo ya asali ikae karibu na insulini, na kila mtu wa nyumbani ajue kazi yake. Kinyume chake, paka anayetapika, asiyekula na aliyelegea huenda ameingiwa na sumu ya asidi kwa kukosa insulini. Naye ni mgonjwa wa dharura.

Insulini isiyofunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya kugandisha, ikiganda imekufa. Umeme ukikatika, mtungi wa udongo ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga mbichi, huipoza vizuri zaidi miezi ya Septemba na Oktoba, kwa kuwa hewa ya Tabora wakati huo ni kavu na maji huvukizwa haraka. Mvua zikianza Novemba uwezo huo hupungua. Fungia dawa kwenye chombo kisichoingiza maji, na weka kivulini.

Mwisho, daftari. Kila siku andika saa ya chakula, dozi, hamu ya kula na kiasi cha maji. Kila wiki andika uzito. Ukiweza kupima sukari kwa tone la damu ya ukingo wa sikio, tafuta namba kati ya 5 na 15 (mmol/L) kwa sehemu kubwa ya siku. Glukometa ya watu husoma damu ya paka chini kidogo ya hali halisi, lakini ikisoma chini ya 4 usichome dozi kabla ya kuongea na daktari. Namba moja ya juu haitoshi kuongeza dawa. Mwelekeo wa wiki nzima ndio unaosema.

Kuna paka, hasa waliotibiwa mapema na kupungua uzito, ambao baada ya miezi kadhaa huacha kuhitaji insulini kabisa. Daftari ndilo litakalomwonyesha daktari siku ya kuanza kuipunguza. Hata hapo chakula cha nyama kinaendelea maisha yote, na bakuli la maji linaendelea kutazamwa, kwa sababu ugonjwa huu huweza kurudi.