Mita 60 kutoka wapi? Mbunifu majengo na ziwa linalohama

Ukifika Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, lazima utajiuliza: mbona ziwa liko mbali hivi? Stanley alipomkuta Livingstone pale mwaka 1871, maji yalikuwa karibu zaidi. Ziwa ndilo lililohama.

Sababu ni hii. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, upande wa Kongo. Mlango ule ulikuwa umeziba, maji yakapanda mpaka yakauvunja mwishoni mwa miaka ya 1870. Ndani ya miaka kama 15, ziwa likashuka takriban mita 10. Mwaka 1964 likapanda sana tena. Na kuanzia 2020 umeona mwenyewe: maji yameingia kwenye nyumba na mialo, kuanzia Bujumbura hadi kwetu Kigoma.

Sasa, mbunifu majengo anaingiaje hapa? Wengi tunamjua kama mtu wa kuchora ramani ya nyumba. Mwenye kiwanja karibu na maji akimfuata, atamwinulia msingi, kazi imeisha. Nyumba hiyo itapona. Lakini choo cha jirani kikizama, uchafu utaingia kwenye maji yale yale mnayochota wote. Nyumba moja nzuri haijatibu mtaa.

Tuangalie kanuni yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sawa, lakini ufukwe wa lini? Chukulia eneo tambarare ambako kila ukitembea mita 50 ardhi inapanda mita 1. Ziwa likipanda mita 2, maji yanaingia ndani mita 100. Aliyejenga mita 70 kutoka majini, kwa kufuata sheria, kazama.

Kwa hiyo kipimo cha maana ni kimo cha kiwanja juu ya ziwa, zaidi ya umbali. Hapo ndipo mbunifu anaweza kutoka kwenye meza ya kuchorea. Akae na mpima ardhi na mipango miji, waishawishi manispaa ichore mstari wa maji ya juu kabisa na kuuliza kimo kwenye maombi ya kibali. Pia awaandalie mafundi mwongozo rahisi, maana nyumba nyingi mtaani hazipiti kwa mbunifu kabisa.

Utasema: nani atamlipa? Swali la haki. Kazi hii haina mteja mmoja, ndiyo maana inabidi iwekwe kwenye bajeti ya halmashauri, isiachwe iwe hisani.

Wakati hayo yanasubiriwa, ukitaka kununua kiwanja kando ya ziwa, usiridhike na kuona maji yalipo leo. Tafuta mzee wa mtaa, muulize: mwaka 1964 yalifika wapi?