Haki zako ziko katika sheria gani?



Wengi wenu mmesikia kwamba haki za mkimbizi zimeandikwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951. Ni kweli. Lakini ofisi ikikunyima hati, au ukiambiwa urudi ulikokimbia, je, mkataba huo utakusaidia? Jibu linategemea sheria ya nchi unayoishi. Hapa tunaeleza jambo hilo kwa mfano wa Kenya.

1. Je, kutia sahihi kunatosha?

Kenya ilijiunga na Mkataba wa 1951 mwaka 1966. Sheria yake ya kwanza ya Wakimbizi ilitungwa 2006, yaani miaka 40 baadaye. Kwa muda huo wote wakimbizi walipokelewa bila sheria maalum ya kueleza nani ni mkimbizi na aliyekataliwa akate rufani wapi.

Kuhusu jambo hili watu wana maoni mawili. Wengine husema mkataba usiwe sheria mpaka Bunge liupitishe, kwa sababu wabunge ndio waliochaguliwa na wananchi. Wengine husema Bunge linaweza kuchelewa miaka mingi, na anayeumia ni mnyonge. Tanzania inafuata maoni ya kwanza. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ilifuata ya pili: mkataba ambao nchi imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Katiba ya Kongo ya 2006 nayo inaupa mkataba ulioridhiwa na kutangazwa nguvu kuliko sheria za kawaida.

2. "Kila mtu" au "kila raia"?

Ukisoma katiba, angalia maneno haya. Penye "kila raia", mkimbizi hamo. Penye "kila mtu", yumo.

Katika Katiba ya Kenya, kupiga kura ni haki ya raia. Lakini heshima ya utu, uhuru wa kwenda na kurudi, matibabu na elimu ni haki za kila mtu. Katika Katiba ya Tanzania, uhuru wa kwenda popote nchini umeandikwa kuwa ni wa raia. Neno moja tu, lakini linabadili mengi.

3. Nani awe mlinzi: Bunge au mahakama?

Desemba 2012 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba wakimbizi wote waliokuwa mijini wahamie kambini. Julai 2013 Mahakama Kuu iliifuta amri hiyo.

Desemba 2014 Bunge lenyewe lilipitisha sheria kwamba wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Wakati huo walikuwa zaidi ya 500,000. Wengine wote wangekwenda wapi? Februari 2015 majaji 5 wa Mahakama Kuu walikifuta kifungu hicho, kwa kuwa kingewarudisha watu penye hatari.

Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuifunga kambi ya Dadaab. Februari 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba amri hiyo ni batili.

Wapo wanaolalamika kwamba jaji hakuchaguliwa na mtu, basi asitengue uamuzi wa Bunge. Hoja hiyo ina uzito kwa raia, maana asiyeridhika na mbunge wake humwondoa kwa kura. Mkimbizi hana kura. Kwake yeye, haki iliyoandikwa katika katiba na mahakama iliyo huru ndiyo kinga iliyobaki.

4. Mambo ya kukumbuka (Kenya)

- Yeyote ambaye haki yake ya kikatiba imevunjwa anaweza kwenda mahakamani, na mtu mwingine au chama kinaweza kwenda kwa niaba yake. Katiba inasema kufungua kesi ya namna hiyo hakutozwi ada. Mahakama inaweza hata kupokea malalamiko yasiyoandikwa kwa utaratibu wa kisheria.

- Haki nyingine zinaweza kuwekewa mipaka kwa sheria yenye sababu ya haki. Lakini kutoteswa, kutofanywa mtumwa na kuhukumiwa kwa haki havina mpaka.

- Hukumu hizi hazikufuta kambi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inairuhusu Serikali kutenga maeneo ya wakimbizi kukaa. Usisafiri bila kibali kwa kuwa umesikia habari ya kesi.

- Tunza hati zako zote. Ukipewa barua ya kukataliwa, angalia tarehe na uipeleke upesi kwa washauri wa sheria. Siku za kukata rufani huhesabiwa.

Ukimaliza kusoma, tafadhali msomee jirani asiyejua kusoma. Asiyeijua haki yake hawezi kuidai.